Paka Aliyekojolea Mito ya Viti

Fundi wa makochi alikuwa na desturi mpya. Kila asubuhi, kabla ya kuingia kwenye karakana yake, alisukuma mlango kidogo, akaingiza uso, akavuta pumzi.

"Amefanya?" mke wake aliuliza kutoka jikoni.

"Amefanya."

"Wapi leo?"

"Subiri. Bado natafuta."

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Ndani yake kulikuwa na meza ndefu ya kukatia vitambaa, cherehani, kompresa, mashine ya upepo ya kuendesha bunduki ya kupigia pini kwenye mbao, na marobota ya sponji yaliyofika karibu na dari. Nyuma ya karakana kulikuwa na vyumba viwili, jiko, na ua mdogo. Ua wote ulikuwa wa saruji. Mume alipiga fremu, akakata sponji, akavisha viti. Mke alishona kava za mito. Watoto wao walikuwa watu wazima na walikuwa wamehama.

Fundi alinusa mto mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwenye viti vya Daktari, mteja wake mmoja, alisimama. Mto wa juu ulikuwa na doa la maji katikati, pana kama sahani.

"Wa Daktari!" alipiga kelele. "Viti vyote hivi, amechagua wa Daktari!"

Aliyefanya hayo alikuwa amekaa palepale, juu ya kochi bora kuliko yote, amefumba macho. Alikuwa paka jike, mnene, rangi ya majivu. Jina lake lilikuwa Meneja. Aliitwa hivyo kwa sababu kutwa nzima alikaa kwenye kiti kizuri, hakufanya kazi yoyote, na alinuna akisumbuliwa.

Meneja alikuwa paka wa mama mkwe.

Mama mkwe alikuja kukaa nao baada ya kufiwa na mumewe. Mwanzoni alikataa kuja. Alisema nyumba yake inamtosha. Kisha siku moja aliteleza bafuni, akaanguka, akalala sakafuni mpaka jirani aliposikia sauti yake. Tangu hapo nyonga ilimsumbua. Binti yake alimwambia, "Mama, sasa inatosha, unakuja kwangu." Alikubali kwa sharti moja tu: paka naye aje.

Fundi alikuwa mtu wa maneno makavu. Mteja akileta kochi bovu, alimwambia, "Hili si kochi tena, hili ni kuni." Lakini mama mkwe ni mama mkwe. Huwezi kumkaripia. Basi fundi alimkaripia paka, kwa sauti ya kufika hadi chumba cha nyuma.

"Wewe Meneja! Unakula kwangu, unalala kwangu, halafu unanikojolea kazi ya watu! Huna haya? Nitakutia kwenye gunia nikupeleke sokoni, ukaishi na wauza samaki!"

Mama mkwe alitoka chumbani taratibu, mkono mmoja ukutani. Yeye pia alikuwa na adabu zake. Hakumjibu mkwe wake. Alimjibu paka.

"Meneja, mwanangu, njoo huku. Usijibizane na mwenye nyumba. Mwambie tu kwamba atafute gunia la watu wawili. Siku utakayotoka wewe, na mimi natoka. Mwambie nimeshazungumza na mtoto wa kaka yangu. Jumamosi anapita huku na gari lake la mizigo. Tutapanda wote, turudi kwetu."

Mke wa fundi alitoka jikoni, mwiko mkononi.

"Mama, acha utani."

"Nani anatania?"

"Urudi ukakae na nani? Ukianguka tena je?"

"Nitaanguka na paka wangu," alisema mama, akarudi chumbani. Meneja alishuka kwenye kochi, akamfuata, mkia juu.

Mke alimgeukia mumewe. "Umesikia? Jumamosi."

"Nimesikia."

"Mama akirudi kule peke yake, mimi usingizi sitaupata tena maishani."

"Sasa nifanye nini? Niwaambie wateja kwamba kila kochi linakuja na harufu yake bure?"

Mke alishusha mwiko. Alijua mumewe ana haki. Mteja mmoja alikuwa amesharudisha kiti. Alikitupa mlangoni na kusema kwa sauti, majirani wakisikia, kwamba amenunua choo.

Fundi alifanya kama alivyozoea. Alimkamata Meneja, akamkandamiza pua kwenye doa, akampiga kwa kandambili. Meneja akajifyatua, akakimbilia chini ya meza. Kisha fundi alichukua dawa ya kusafishia choo, ile yenye harufu ya kutoa machozi, akaimwaga juu ya mto, akasugua kwa brashi mpaka mkono ukauma.

Mchana uleule Daktari alikuja kutazama viti vyake. Alikuwa daktari wa mifugo, mwanamke mrefu mwenye buti za mpira na sauti ya kuita ng'ombe. Viti vilikuwa vya chumba cha wateja kwenye kliniki yake.

"Fundi, viti vyangu vipi?"

"Viti vipo tayari, Daktari. Ila mto mmoja umepata ajali."

Daktari aliuchukua ule mto, akaunusa, akakunja uso.

"Ajali hii ina miguu minne," alisema. "Yuko wapi?"

"Chini ya meza. Lakini usijali, sokoni kuna watu watampokea."

"Kabla hujampeleka popote, hebu nimwone. Paka akianza kukojoa ovyo, kitu cha kwanza ni kujua kama anaumwa."

"Anaumwa? Huyo? Anakula kuliko mimi."

"Mlete, Fundi."

Mama mkwe alikuwa ameshasikia. Alikuja mwenyewe, akainama kwa shida, akamwita Meneja kwa jina. Meneja akatoka. Wakamweka juu ya meza ya kukatia vitambaa. Daktari akampapasa tumbo polepole huku akiuliza maswali.

"Anakojoa kidogokidogo, mara nyingi kwa siku?"

"Hapana," alisema mama mkwe. "Akikojoa, anakojoa haswa."

"Analia akikojoa? Umeona damu? Anajikamua bila kutoa kitu? Anakunywa maji mengi kuliko zamani?"

"Hakuna hata kimoja."

"Vizuri. Lakini sikilizeni nyote. Mkimwona paka anaenda chooni mara kwa mara, anajikamua na mkojo hautoki, msingoje kesho. Mleteni siku hiyohiyo. Dume hasa. Njia yake ni nyembamba, inaziba, na anaweza kufa haraka. Huyo hatakuwa na ukaidi. Atakuwa mgonjwa."

Fundi alikuwa amekunja mikono kifuani. Maneno ya kufa yalimfanya aikunjue.

"Na huyu?"

"Tumbo lake ni laini, hana homa. Anakojoaje? Anasimama, anainua mkia na kurusha ukutani? Au anachuchumaa?"

"Anachuchumaa," alisema fundi. "Kama yuko kwao."

"Basi haweki alama ya kutambulisha mahali pake. Anatafuta choo tu. Nionyesheni choo chake."

Hapo fundi alichangamka. Choo cha paka alikitengeneza mwenyewe. Alikuwa amepasua dumu kubwa la plastiki kwa urefu, akalainisha kingo zote kwa moto. Alikiweka kwenye kona, nyuma ya kompresa.

"Karibu, Daktari. Paka wa watu wanakojolea majivu. Wa kwangu nimemjazia sponji."

"Umemjazia nini?"

"Sponji. Vipande vinavyobaki nikikata mito. Badala ya kutupa. Sponji inanyonya, haimwagi, na ni laini. Nilipomwekea tu, siku ya kwanza aliingia mwenyewe, hata kufundishwa hakufundishwa."

Daktari alipiga goti. Alichomoa kipande kimoja kwa ncha za vidole. Kilikuwa cha manjano na kilichuruzika. Kisha alisimama, akaenda kwenye ule mto wa kiti, akafungua zipu, akavuta kidogo kilichokuwa ndani.

"Fundi, hii ni nini?"

"Sponji."

"Na hii ya choo?"

"Sponji."

"Ni tofauti?"

"Sawasawa. Zote kutoka robota moja."

Daktari aliinua sponji zote mbili. Mke wa fundi aliziba mdomo kwa kiganja. Mama mkwe akatazama dari.

"Mwenyezi Mungu!" alisema fundi.

"Umeelewa?"

"Nimemfundisha mimi."

"Umemfundisha wewe," alisema Daktari. "Umemwambia: choo ni kitu laini cha sponji. Naye ameshika. Choo hiki unakisafisha lini?"

"Kikianza kuchuruzika."

"Haya. Upande huu kuna sponji chafu, inanuka, nyuma ya mashine inayonguruma. Upande ule kuna sponji safi, kavu, mahali patulivu. Wewe ungekwenda wapi?"

Fundi alijikuna shingo. "Ningekwenda kwenye mto wa Daktari."

Wote walicheka, hata mama mkwe, lakini yeye alicheka akimtazama paka.

"Meneja," alisema, "muulize mwenye nyumba, lile gunia bado analihitaji?"

Daktari alivuta kiti akakaa. Alisema hakuja kucheka watu, alikuja kutazama viti, lakini afadhali amalize.

"Kwanza, acha kumpiga. Paka hajui kwamba kandambili ya sasa ni ya mkojo wa alfajiri. Anachojua ni kwamba wewe ni mtu wa kuogopwa. Kesho atakojoa mahali ambapo hutapaona mpaka panuke. Na hiyo ya kumkandamiza pua, ndiyo usirudie kabisa."

"Sawa."

"Pili, ile dawa uliyosugulia ni ipi?"

Fundi alimletea chupa. Daktari aliinusa, akairudisha haraka.

"Mkojo wa paka ukikaa, unatoa harufu kali inayochoma pua. Dawa hii ina harufu ya jamii hiyohiyo. Kwa pua ya paka, wewe hukufuta kitu. Umemwandikia kwamba hapa ni chooni. Na klorini pia usiimwage juu ya mkojo. Mvuke wake utakuumiza kifua."

"Sasa nisafishe na nini?" aliuliza mke. Yeye ndiye aliyefua kava zote.

"Ukiwahi, kausha kwa kitambaa kikavu. Kandamiza, usisugue, maana ukisugua unaushindilia ndani. Osha kwa maji baridi na sabuni ya kawaida. Suuza kwa siki iliyochanganywa na maji, nusu kwa nusu. Jaribu kwanza kwenye pindo, usije ukachujisha rangi ya kitambaa. Halafu anika juani. Kava litapona. Lakini sponji ikishanyonya mpaka katikati, itoe. Harufu haitaisha."

Fundi aliguna. Sponji ni kitu anachokijua. Alijua Daktari anasema kweli.

"Tatu, choo chenyewe. Dumu ni zuri, libaki. Toa sponji yote, osha kwa sabuni na maji moto. Tia mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha vidole vitatu. Paka anataka kuchimba, akimaliza anataka kufukia. Kwenye sponji atafukia nini? Weka mahali patulivu, mbali na mashine na mbali na chakula chake. Hakuna anayependa kula chooni."

"Chumbani kwangu," alisema mama mkwe mara moja. "Kona ya dirishani."

"Vizuri sana. Kila siku chota uchafu, funga kwenye mfuko, tupa. Kila wiki mwaga mchanga wote, osha dumu, tia mpya. Nawa mikono kwa sabuni. Kuna mjamzito humu ndani?"

Mke na mumewe walitazamana.

"Labda mimi," alisema mama mkwe.

Mke wa fundi alicheka mpaka akashika meza.

"Nauliza kwa sababu mjamzito asiguse mavi ya paka," alisema Daktari, naye akijizuia kucheka. "Yana vijidudu vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni. Mtu mwingine asafishe. Na la mwisho: kwa sasa Meneja asiingie karakana kabisa. Fungeni mlango. Siku ya kwanza wekeni kipande kimoja kidogo cha sponji yake ya zamani juu ya mchanga, aitambue harufu yake. Kisha kiondoeni. Msitegemee muujiza. Mwingine hubadilika kwa siku chache, mwingine kwa wiki kadhaa. Asipobadilika, mleteni kliniki nipime mkojo."

Alisimama. "Na mto wangu nataka mpya."

"Utapata, Daktari."

Alasiri ile fundi alileta mchanga kutoka kwa mjenzi wa mtaa wa pili. Aliuchekecha uani, akauanika kwenye turubai, akaokota mawe kwa mkono. Mama mkwe alimtazama kutoka dirishani. Fundi alitoa sponji kwenye dumu, akaliosha, akatia mchanga, akaliweka kwenye kona ya dirishani, akatoka.

Meneja alilizunguka lile dumu. Akanusa. Akatia mguu mmoja, akautoa, akautikisa kama aliyekanyaga maji. Akaondoka.

"Hataki," alisema fundi mlangoni.

"Mwache," mke wake alimnong'oneza. "Na wewe ungechunguliwa hivyo, ungeweza?"

Asubuhi fundi alichungulia karakana kwa pua. Gundi. Mbao. Kitambaa kipya. Hakuna kingine. Akaenda kwenye mlango wa mama mkwe, akasita, akamtuma mke wake. Mke alirudi akitabasamu. Mchanga ulikuwa umechimbwa, na mahali pamoja palikuwa na kilima kidogo kilichofukiwa vizuri.

Lakini mambo hayaendi moja kwa moja. Jumatano mteja aliingia, akaacha mlango wa ndani wazi. Meneja akapenya. Fundi alipogeuka, alimkuta anachuchumaa juu ya rundo la vipande vya sponji.

Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kandambili. Aliiinua. Meneja alimtazama na kujikunyata. Fundi alibaki hivyo, kandambili juu, mteja akishangaa.

"Fundi, unampigia nani saluti?"

Fundi aliivaa kandambili yake. Alimnyanyua paka kwa mikono miwili, taratibu, akampeleka kwenye mchanga. Kisha akalikusanya lile rundo lote la vipande, akalitia kwenye magunia, akafunga kwa kamba. Tangu aanze ufundi, vipande hivyo vilikuwa vikilala sakafuni. Siku ile alijua kwamba paka akiona rundo lile, anaona choo. Mlango wa ndani nao aliupigia springi ili ujifunge wenyewe.

Alhamisi hakukuwa na kitu. Ijumaa hakukuwa na kitu. Kila asubuhi kabla ya chai, fundi alichota uchafu kwenye mchanga kwa kijiko kirefu cha bati, akanawa mikono, ndipo akala. Nyonga ya mama mkwe haikumruhusu kuinama, na mke alikuwa na kava za kufua. Basi kazi ikawa ya fundi. Hakuna aliyempangia.

Jumamosi honi ililia nje. Gari dogo la mizigo lilikuwa limesimama mbele ya karakana. Mtoto wa kaka wa mama mkwe aliteremka, kijana mpana mwenye haraka.

"Shangazi! Nimefika! Mizigo iko wapi?"

Mke wa fundi alitoka na mikono yenye sabuni. Alimtazama mumewe.

Mama mkwe alitokea mlangoni, Meneja kifuani. Alikuwa amevaa nguo za safari. Alisimama katikati ya karakana, kati ya mito mipya, akainamisha uso kwa paka.

"Meneja, muulize mwenye nyumba. Tupande au tusipande?"

Fundi aliweka bunduki ya pini mezani. Alijipangusa mikono kwenye suruali. Alitazama paka, lakini paka alikuwa anapiga miayo. Basi alimtazama mama mkwe usoni.

"Mama," alisema. "Mchanga wa wiki ijayo nimeshauchekecha. Upo uani, karai zima. Sasa nyinyi mkiondoka, mimi nitaupeleka wapi?"

Mama mkwe alimkazia macho. Tangu ahamie pale, ilikuwa mara ya kwanza mkwe wake kumwambia jambo la nyumba bila kupitia kwa paka.

"Yaani nibaki kwa ajili ya mchanga?"

"Ndiyo, Mama."

"Na karakana?"

"Karakana hainuki. Ingia unuse mwenyewe."

Mama mkwe hakunusa. Alimweka Meneja chini. Paka alitembea moja kwa moja hadi chumbani, na punde ikasikika sauti ya kucha zikichimba mchanga.

"Shangazi," alisema kijana, "kuna mizigo au hakuna? Gari linakula mafuta."

"Ipo," alisema mama mkwe. "Pakia viti vya Daktari, uvifikishe kliniki. Ukirudi utakuta chai."

Kijana alijikuna kichwa, akamtazama fundi, akaanza kupakia. Fundi akamsaidia. Mto mpya aliubeba mwenyewe, akaufunika kwa nailoni.

Gari lilipoondoka, mke alimsogelea mumewe.

"Hivi wewe ulishindwa nini kumwambia tu kwamba unataka akae?"

"Nimemwambia."

"Umemwambia habari za mchanga."

"Ndiyo hizo hizo," alisema fundi, akachukua mkasi, akatandaza kitambaa cha kochi jingine mezani.